Wakili Aliyemkimbia Mama Nekoye

Kikombe cha chai kilikuwa bado mezani tangu juzi, kimeshika utando. Wakili aliyeandaliwa chai hiyo alikuwa ametoweka, na pesa za mjane Peris pamoja naye.

Inspekta Khaemba alikitazama. Wezi alikuwa amewakamata wengi, lakini mwizi wa kuacha chai ya maziwa hapa Kamukuywa hakuwahi kumwona.

"Mama, huyo wakili ulimpata wapi?"

"Nilienda Kitale kwa ofisi ya mawakili, niulize mambo ya kununua ploti ya duka. Nikaambiwa wakili ako kortini. Kesho yake huyu akafika hapa na joho nyeusi na miwani. Ati ametumwa."

"Ukampa pesa zote?"

"Si alisema atamshikia muuzaji mpaka karatasi iwe tayari? Niliuza ng'ombe wote wa marehemu, afande. Shemeji zangu wamenifukuza. Bila hiyo ploti sina pa kulala."

Khaemba alimwonea huruma, ila udadisi ulimwasha zaidi.

"Mbona hakunywa chai?"

"Hapo ndio nashangaa, bana! Nilikuwa nimemwita rafiki yangu Mama Nekoye atoke Naitiri awe shahidi. Kupiga hodi tu, wakili akachungulia, akajifunika joho kichwani, akatokea mlango wa nyuma."

Mama Nekoye alikuwa kwenye kigoda, akimliwaza Peris tangu siku ile. Khaemba alimgeukia.

"Mama, una nini cha kutisha mawakili?"

"Mimi? Hata uso wake sikuona."

"Una binti aliyeolewa?"

"Mmoja. Nimemrudisha nyumbani. Mume wake, Mukhisa, hajaleta ng'ombe wa mahari hata mmoja."

"Huyo Mukhisa anafanya kazi wapi?"

"Kitale huko. Mimi na yeye hatuongei, nitajuaje?"

Khaemba alicheka peke yake. Kwao Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Yeye mwenyewe aliwahi kuruka ndani ya shamba la mahindi na sare zake za polisi, akimkwepa wake.

Asubuhi iliyofuata yeye na akina mama wale wawili walikuwa Kitale, Mama Nekoye akingoja nje. Ndani ya ofisi ya mawakili palikuwa na tarishi aliyeitwa Mukhisa, na joho la mwajiri wake lilining'inia ukutani.

"Unamjua huyu mama?"

Mukhisa alimtazama Peris kwa macho makavu. "Sijawahi kumwona. Kamukuywa sijafika."

"Sikutaja Kamukuywa. Mama Nekoye, karibu ndani!"

Mukhisa alisikia sauti ya mama mkwe wake mlangoni. Akalivuta joho, akajifunika kichwa.

"Ni yeye!" Peris akapiga kelele. "Alifanya hivyo hivyo!"

"Pesa ziko wapi, Mukhisa?"

Sauti ilitoka chini ya joho. "Ni ng'ombe sasa. Jana niliwafikisha Naitiri, mahari. Nilitaka mke wangu arudi, afande. Nilimsikia huyu mama akiulizia wakili, shetani akaniingia."

Mama Nekoye aliupa ukuta uso, akasema na Khaemba.

"Mwambie huyo mtu ng'ombe ni wa Peris, wanarudi leo. Binti yangu hatoki." Akamshika Peris mkono. "Na ploti itanunuliwa. Shahidi ni mimi. Ila tutafutieni wakili anayeweza kukaa nami chumba kimoja."