Kiti cha Pili cha Kikao

Mtambo uliwaka, na sakafu ya ukumbi ikageuka mashamba ya mwezini. Wachezaji wawili walipanda mahindi ya mwanga, huku roboti ndogo zikiyamwagilia. Mmoja aliponyanyuka kunywa maji, mashamba yakatoweka papo hapo.

Ndivyo Kikao, mtambo huo wa michezo, kilivyotengenezwa. Jicho-joto lake lilihesabu miili sebuleni kwa kuhisi joto, na lisipoona watu wawili wameketi, mchezo haukuanza. Aliyebuni sheria hiyo alikuwa Injinia Eliakunda Mlaki, na aliamini kwamba kucheza ni kuketi pamoja.

Siku hiyo Mkurugenzi Ruwaichi alileta ombi la wapinzani wao. Walitaka mchezo huo wa Shamba la Mwezini uchezwe kwenye Kiganja, mtambo wao wa mkononi ambao mtu huucheza popote, hata akiwa peke yake.

"Tukiwapa, nani atanunua Kikao?" Eliakunda aliuliza.

"Na tusipowapa?" alidakia Sajidu wa masoko. "Dada, tumepika pilau, halafu tunawaambia watu hawali mpaka wanunue sahani yetu!"

"Mchezo ni wako, Injinia," alisema Ruwaichi. "Ukikataa, tutakataa."

"Nipeni mpaka kesho niliombee."

"Omba haraka," Sajidu akacheka. "Wapinzani hawangoji amina."

Jioni Eliakunda alipita kwa mama yake, mjane aliyeishi peke yake pembezoni mwa mji. Akiwa mlangoni alisikia kicheko.

"Umelala? Nimeshakuvunia shamba zima! Mvivu wee!"

Alifurahi kwamba mama ana mgeni. Akaingia.

Kwenye kiti cha pili palikuwa na sufuria la uji wa moto, limefungwa kitenge cha marehemu baba yake. Juu ya mfuniko kilikaa kishikio cha kuchezea. Jicho-joto lilikuwa limehesabu watu wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikae hapo, utaungua."

"Mama, hili sufuria..."

"Ndiye mwenzangu. Likipoa, mtambo wako unanifukuza, basi naenda kulipasha tena."

"Tangu lini?"

"Tangu Mama Aikande ahamie Mwanza kwa binti yake. Zamani tulikuwa tunacheza wote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja kukaa jioni zote? Una kazi." Mama alirekebisha kitenge. "Yeye ana Kiganja huko. Nilimuuliza kama shamba letu limo. Akasema halimo, nyinyi hamjawapa."

Eliakunda alikuwa amejenga mlango wa kuwakaribisha watu wawili wawili. Hakuwahi kufikiria nani angebaki nje. Aliliweka sufuria mezani, akaketi penye joto lake, akacheza na mama, akashindwa mara nyingi huku akizomewa. Baadaye mama alifunga kwa sala, akamtaja Mama Aikande, akawataja na watu wa Kiganja.

Eliakunda akampigia mkurugenzi.

"Wapeni. Lakini Kikao na Kiganja viunganishwe, na aliye mbali ahesabiwe kuwa ameketi."

"Watu wakiacha kununua Kikao?"

"Huenda wakaacha," alisema. "Nimeliombea hilo pia."

Mama alikuwa ameshaleta vikombe viwili. Akafungua kitenge, akakikunja taratibu.

"Njoo tuunywe uji huu," alisema. "Leo hauna kazi nyingine."