Namba Zilizogeuziwa Ukuta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zubaida alipaka matairi mafuta ya nazi. Matairi yalikuwa manane, yamening'inia chini ya bati la duka la mjomba wake Anuar, pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, njia inapochepuka kwenda Pundanhar. Alichovya kitambaa ndani ya kopo, akasugua mpira mpaka ukang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha aligeuza kila tairi, ubavu mmoja ukatazama ukuta.

"Upande wenye namba nyingi uelekee ukutani," mjomba alimwambia tangu siku ya kwanza. Zubaida hakuuliza sababu. Mama yake alikuwa Quionga, analima. Yeye aliishi kwa mjomba ili asome, na anayelishwa na mwingine haulizi sana.

Darasani mikono yake ilinuka. Inês, aliyekaa dawati la mbele, hakumwacha apumue.

"Leo kwenu mmepika nini? Wali wa nazi au tairi la nazi?"

"Bora mimi ninanuka kazi," Zubaida alijibu. "Wewe unanuka mdomo."

Wenzao walicheka, wakangoja wapigane. Hawakupigana siku hiyo, lakini kila mmoja alimchukia mwenzake waziwazi, bila kujificha.

Alhamisi, Zubaida akirudi nyumbani, aliitwa na Abdurrazaque, fundi wa kuziba pancha aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Fundi huyo na Anuar walikuwa hawasemezani mwaka wa pili sasa, tangu wagombee mpaka wa kibanda.

"We, mtoto wa Anuar. Mwambie mjomba wako matairi yake ni rika lako. Namba nilizisoma siku alipoyaleta."

"Matairi yetu ni mapya."

"Umesoma? Tafuta kiduara kirefu kama yai, ndani yake mna tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hiyo ndiyo siku lilipotoka kiwandani. Huko shule mnafundishwa nini?"

Zubaida aliondoka amenuna. Hata hivyo, asubuhi iliyofuata alisoma kabla ya kugeuza. 2314. Akasoma la pili: 2314. Yote manane yalikuwa hivyohivyo. Wiki ya ishirini na tatu, mwaka 2014. Mwaka huo yeye alikuwa bado anatambaa. Akafuta mafuta kwa upindo wa kanga, akabonyeza mpira kwa dole gumba. Nyufa nyembamba zikajitokeza, nyingi, kama mistari ya kiganja.

Alimweleza mjomba. Anuar hakuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

"Maneno hayo umepewa na yule wa ng'ambo?"

"Nimesoma mwenyewe, mjomba."

"Basi nisikilize. Tulipokimbia vita, matairi haya niliyaficha chini ya makuti kule Quionga. Wenzangu walirudi wakakuta majivu. Mimi nikayakuta yote manane. Hayajakanyaga barabara hata hatua moja. Kiatu kisichovaliwa kinachakaa?"

"Lakini yana nyufa."

"Ndiyo maana kuna mafuta." Akaweka kikombe chini. "Neno hilo likitoka nje ya nyumba hii, utakwenda kushika jembe na mama yako. Shule basi."

Jumamosi Natália alifika na pikapu yake, Inês kando yake. Natália alikuwa mama wa Inês, mwenyeji wa bara, kutoka Mueda. Alibeba mihogo na abiria kutoka Pundanhar kwa ile njia mbovu ya udongo, na ulimi wake ulijulikana kote.

"Jumatatu naleta watu kumi na wawili," alimwambia Anuar. "Nataka matairi manne, usinipe maganda."

"Dona Natália, mimi siuzi maganda. Vuta vinywele."

Natália akavuta. Vile vinywele vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani vilikuwepo vyote, na mpira uling'aa. Hapo mtaani hakuna aliyetafuta alama nyingine zaidi ya hizo mbili. Akakubali.

Mashine ya kujaza upepo ilikuwa moja tu, ya Abdurrazaque, kwa hiyo Zubaida akayaviringisha matairi manne ng'ambo. Fundi akayatazama, akaketi tena.

"Haya siyafungi. Ni mazee."

"Wivu, dona," Anuar alisema kwa sauti, amesimama upande wake wa barabara. "Huyu hata nikiuza maji atasema yameoza."

"Nimeyasoma namba mimi."

"Umesoma chuki yako."

Natália alishika kiuno. "Miaka miwili mnatukanana, nimechoka kuwasikia. Ugomvi wenu umalizeni wenyewe. Fundi, fanya kazi, au nitafute mwingine Mocímboa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa kuwa kila mtu alijua chuki ya wale wawili, hakuna aliyemwamini mmoja akimsema mwenziwe, hata pale alipokuwa anasema kweli.

Inês alimsogelea Zubaida. "Umeyasugua vizuri. Kazi ya mafuta umezaliwa nayo. Jumatatu nakwenda na mama, nitakuona huku nyuma ukimeza vumbi letu."

Zubaida akawaza: nendeni, yawapasukie njiani. Wazo hilo lilikuwa tamu, kisha mara moja likamwogopesha. Aliwaona abiria juu ya magunia ya mihogo, akina mama wenye watoto mgongoni, gari likiserereka. Akaliona pia shamba la Quionga, na daftari zake zimefungwa kwenye mfuko. Alisimama hapo kati ya mambo hayo mawili, na fundi alikwisha kushika spana kwa shingo upande.

Zubaida akainama, akachota mchanga, akausugua kwenye ubavu wa tairi mpaka mng'ao ukatoka.

"Mama Inês, si wivu," alisema. "Mafuta nimepaka mimi. Kila siku. Namba ziko hapa, za mwaka 2014, na mimi ndiye ninayezigeuzia ukuta."

"Zubaida, ingia ndani," Anuar aliita kutoka ng'ambo.

"Nitaingia kuchukua nguo zangu, mjomba. Kwanza aone."

Natália alipiga magoti, akasoma. Kisha akamwamuru fundi afunge tairi moja tu kwenye rimu na kulijaza upepo. Mpira ulipovimba, nyufa zikaachana kama udongo wa shamba la mpunga wakati wa kiangazi. Natália akaingiza ukucha, ukazama.

"Njoo," alimwambia Anuar. "Weka na wewe ukucha wako."

Anuar akavuka barabara, mara ya kwanza kwa miaka miwili. Akaweka ukucha. Akautoa polepole.

"Hayajakanyaga barabara," alisema.

"Na samaki hajakanyaga barabara," Abdurrazaque akajibu. "Mweke siku tatu uone."

"Ungenizika na mwanangu kwa mafuta ya nazi," Natália alisema. "Utaniletea mengine kutoka Mtwara, ya mwaka jana au mwaka huu. Nitayasoma hapa mbele yako, kila moja. Watu wa Pundanhar watangoja. Kungoja hakuvunji shingo."

Anuar hakumsemesha Zubaida usiku huo, wala Jumapili. Zubaida alifunga furushi lake, akaliweka karibu na mlango.

Jumatatu darasani, Inês aligeuka. "Leo hunuki."

"Sikupaka."

"Afadhali. Mama amesema ukitaka kwenda kumwona mama yako, nafasi kwenye gari ipo. Amesema mama, si mimi."

Zubaida aliporudi, alimkuta mjomba uani na panga mkononi. Matairi yote manane yalikuwa chini. Alikuwa anayachana mbavu, moja baada ya jingine, ili pasiwe na mtu wa kuyafunga kwenye gari tena.

"Wenye mashua watayachukua," alisema bila kumtazama, "wayatundike ubavuni zisigongane." Akafuta jasho. "Nilidhani kwa kuwa yalinisubiri, yalikuwa mazima. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala, na jua linauzidishia. Hilo sikulijua. Lakini namba nilikugeuzisha ukutani, na mtu hafichi kitu asichokitilia shaka. Hapo nililijua kosa langu."

Zubaida akatua mfuko wake wa daftari chini.

"Wewe ulipopaka bila kujua, hukukosa," mjomba aliendelea. "Ungejua ukanyamaza, kosa lingekuwa lako pamoja na langu. Anayenunua kitu ana haki ya kujua umri wake, hata kama muuzaji ni nduguyo, hata kama mnunuzi humpendi. Matairi mapya yakifika, namba zitazame barabarani."

Akapiga panga kwenye tairi la mwisho, akaelekeza kidevu mlangoni.

"Na lile furushi, lifungue. Linanizuia njia."