Dawa Iliyonyamazisha Injini

Injini ya pikapu ya Mugisho ilikufa siku ya Alhamisi kwenye mlima wa kwenda Bugarama, na msafara haukuisubiri. Ndani walikuwa watu wawili: Mugisho mwenyewe na Caritas, muuza kabichi wa mtaa wa Buyenzi. Mwaka ule wa 1997, kwa ajili ya vita, magari hayakupanda mlima ule peke yake. Yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na gari lililoharibika liliachwa hapo hapo.

Houda alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila siku akitoka shule aliweka madaftari nyumbani, akajifunga kitenge cha zamani, akaenda kwenye gereji ya baba yake, fundi Sulemani. Hakwenda kucheza. Miaka miwili nyuma bomu lililipuka sokoni. Sulemani alitoka hai, lakini masikio yake yalikufa. Maneno alisoma kwenye midomo ya watu. Injini haina midomo. Kwa hiyo Houda alishika bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye chuma cha injini na mpini kwenye sikio lake, na kwa mkono mwingine aligonga kwa kidole kwenye kiganja cha baba kila alichosikia. Mwanzoni watu wa Buyenzi walicheka, wakasema magari ya Sulemani yanatibiwa na daktari wa shule ya msingi. Baadaye walipanga foleni.

Jumatano alasiri Mugisho alileta pikapu yake. Sulemani alikuwa ameenda msikitini kuswali. Mugisho alikuwa Mkongomani wa Uvira, mtu wa mizaha. Alimwita Houda "Dokta", na kila akirudi kutoka Bugarama alimletea matunda ya marakuja. Siku hiyo hakutania sana. Alimwambia asikilize.

Houda akasikiliza. Chini kabisa ya injini kulikuwa na ko, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango huku akiogopa kuwaamsha wenye nyumba. Alikuwa amefundishwa mlio ule. Ilikuwa beringi iliyolika, chuma kinachoshika mhimili wa injini. Baba akijua, gari halitoki, na beringi mpya hazikupatikana mjini, kwa sababu nchi jirani zilikuwa zimeweka vikwazo na mizigo haikuingia.

Mugisho alijua pia. Alitoa chupa chini ya kiti. Ndani mlikuwa na dawa nzito yenye rangi ya asali. Khaled wa duka la vipuri alikuwa amemwambia kwamba chupa moja tu inaifanya injini kuwa mpya, wala hakuna haja ya kubadilisha mafuta.

"Mimina, Dokta," alisema. "Baba yako akiifungua, mi nitakaa mwezi mzima nikiangalia vyuma. Batoto bangu bakule nini, bisibisi?"

Houda alicheka. Kisha akafikiri juu ya watoto hao, akamimina. Injini ikaunguruma dakika kumi. Mlio ukafifia, ukaisha kabisa.

Sulemani aliporudi alinyoosha kiganja chake kama kawaida. Houda akaweka bisibisi sikioni na kidole katikati ya kiganja. Kidole hakikusogea.

"Hakuna kitu?" baba aliuliza.

"Sisikii kitu, baba."

Neno hilo lilikuwa kweli. Sulemani alifunga boneti. Caritas alikuwa amesimama kando ya barabara na magunia yake matupu, kumi na mawili, akiuliza kama kesho anaweza kusafiri na gari lile kufuata kabichi. Alikuwa mama yake Candide, msichana aliyekaa dawati moja na Houda. Sulemani alimjibu kwamba gari ni zima, aende salama.

Alhamisi jioni msafara ulirudi bila pikapu. Ijumaa shuleni Candide aliuliza mara tatu kama fundi amepata habari. Houda alisema, "Apana." Wakati wa hesabu Candide aliweka mkono wake juu ya mkono wa Houda.

"Unahesabu nini?" alinong'ona.

Houda hakujua kwamba kidole chake kilikuwa kinagonga dawati. Nyumbani, mama alipogonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, Houda aliacha chakula akatoka nje. Huko nje jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mlio uleule.

Mugisho alifika kwenye gereji Jumapili, peku, miguu imepasuka. Alisimulia kwa maneno machache. Katikati ya mlima injini ilipata moto, ikaanza kugonga kwa nguvu, kisha chuma kikakwama. Magari mengine yakapita. Waliposikia risasi walikimbilia kwenye migomba, kila mtu upande wake. Usiku alimwita Caritas kwa sauti ya chini. Hakujibiwa, na kulipokucha hakumwona. Habari ya chupa hakuitaja. Alimtazama Houda, Houda akatazama chini.

Wiki iliyofuata pikapu ilivutwa mpaka Buyenzi. Sulemani aliifungua injini, akaikuta beringi imelika na kuungua. Aliiweka kando. Kisha alianza kupanga spana zake kwenye sanduku, zote, na kumwambia mke wake atafute mtu wa kuzinunua.

"Fundi kiziwi anaua watu," alisema.

Houda alimshika mkono. Alifungua kiganja chake, akagonga kwa kidole: ko, ko, ko.

Sulemani alikitazama kidole kile. "Lini?"

"Jumatano. Ulipokuwa msikitini." Akaeleza yote, mpaka chupa.

Baba hakumpiga. Alimpa ile beringi aishike.

"Chuma hiki kimepungua," alisema. "Hakuna dawa inayorudisha chuma. Ile ilifanya mafuta kuwa mazito kama uji, uji ukajaza pengo, injini ikanyamaza. Mlimani mafuta yakapata moto, yakawa mepesi, pengo likabaki vilevile. Mafuta mazuri yanatoka kiwandani na dawa yake ndani, Houda. Injini nzima haina haja na chupa ile. Injini mbovu haiponi nayo. Mlio ule ulikuwa unatuambia tusitoke."

Houda aliuliza kama yeye ndiye aliyemuua Caritas.

"Risasi hukupiga wewe. Lakini ulisema neno la kweli ili mimi nisijue ukweli, nami nikamwambia yule mama aende salama. Tutaubeba wawili mzigo huu. Kesho utakuja kazini, na utanigongea kila unachosikia, hata mwenye gari akilia."

Jioni hiyo walikwenda pamoja kwa bibi yake Candide, Mugisho nyuma yao, wakasema yote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Aliwafungulia mlango watoke.

Spana zilirudi mahali pake, na Houda hakuficha tena mlio wowote. Candide alihamia dawati la mbele.

Hesabu ilikuwa hii: chupa moja ya dawa. Injini moja. Viatu vya Mugisho. Magunia kumi na mawili matupu. Caritas, miaka thelathini na minne, hakuonekana tena.