Udongo wa Aksanti

Kasha la mbao lililojaa udongo liliibwa Jumamosi asubuhi katika kanisa moja la Wakongo mjini Columbus, saa chache kabla ya ibada ya kuondoa matanga.

Inspekta Gaudiosi alichunguza kufuli la kabati la kanisa, lilimowekwa kasha jioni iliyotangulia. Halikuvunjwa. Kamera na vipaza sauti havikuguswa.

"Ni udongo wa kaburi la mwanangu Aksanti," alisema Mama Cibalonza, mjane aishiye kitongoji cha Hilliard. "Alifia Italia, na miye sina pasipoti. Kwetu, mama asiyezika analetewa udongo. Bila huo matanga hayaishi."

Aliyeuleta wiki mbili zilizopita ni mpwa wake Hyacinthe, mfanyakazi wa ghala huko Louisville. Alitumwa aende kwa ndege hadi Nice, apande treni huko, afuate pwani ya Mediterania hadi Genova, Italia, achote kaburini. Ufunguo wa kabati walikuwa nao wawili tu: yeye na Mama.

Gaudiosi akampigia simu Mugisho, aliyesimamia maziko ya Aksanti kule Italia kabla hajahamia Buffalo. Alikuwa barabarani akija ibadani.

"Udongo gani, Inspekta? Aksanti tulimwingiza ukutani, ndiyo desturi ya kule. Tundu likazibwa kwa saruji. Niliona haya kumwambia Mama."

"Nani alijua unakuja?"

"Hyacinthe. Nilimwambia jana."

Hyacinthe aliketishwa katika ofisi ya kanisa.

"Ulifika Genova?"

"Nilifika, kaka, grand frère. Treni inatambaa kando ya bahari, unatoka handaki, maji ya buluu hayo! Bon, uzuri mtupu."

"Sikukuuliza bahari. Kaburi likoje?"

"Tuta dogo, na msalaba wa mbao. Nilichimba na mikono yangu, nikalia."

"Ulililia tuta la nani? Aksanti yumo ndani ya ukuta wa saruji!"

Hyacinthe alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka mezani.

"Kasha liko wapi?"

"Kwenye buti ya gari yangu."

"Na udongo ulitoka wapi?"

"Louisville. Nyuma ya ghala."

Akakiri yote. Alishuka Menton, karibu na mpaka wa Italia, akavutwa na ufuo. "Nilisema nitaenda kesho. Kesho na kesho, donc, basi, ruhusa ya kazi ikaisha. Niliogopa Mugisho akiona kasha ataniumbua. Nilidhani likipotea, ibada itaahirishwa."

Gaudiosi alipiga meza. "Mzazi amelala wiki mbili na vumbi la malori kando ya mto wake, akiliita mwanangu! Nimekamata majambazi wengi, kijana. Hakuna aliyenitia kichefuchefu hiki."

Mama Cibalonza alikuwa amesimama mlangoni.

"Kutoka uliposhuka mpaka kwa mtoto wangu, ni mwendo gani?"

"Masaa matatu, tantine."

"Ana miaka minne hajapata mgeni. Masaa matatu yakakushinda?"

Hyacinthe alinyoosha mikono mbele. Inspekta akamfunga pingu.

"Waambieni watu warudi nyumbani," Mama alisema, akijifunga upya kitenge chake cheusi. "Miye bado nafiwa."