Kisiki na Koki ya Bustani

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Kisiki alipitia bustani ya mtaa. Aliweka begi lake juu ya jiwe, akachuchumaa kando ya kitalu cha nyanya na kuchomeka kidole kwenye udongo. Udongo ukiwa mkavu, alijaza kopo maji na kunyunyiza. Ukiwa bado na unyevu, aliuacha kama ulivyo, akapangusa kidole kwenye nyasi na kukimbilia darasani. Ndivyo mwalimu wa kilimo alivyowafundisha, na Kisiki hakuwa mtoto wa kuambiwa jambo mara mbili.

Hakuzaliwa na jina hilo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na siku moja alimshonea binti yake sare mpya ya shule. Binti alikataa kuivaa, akisema mshono wa bega umepinda. Mama aliapa kwamba haujapinda. Binti akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, mpaka mama alipochukua utepe na kupima. Kweli, ulikuwa umepinda. "Mtoto huyu ni kisiki cha mpingo!" mama alilalamika huku akifumua uzi. Wateja waliokuwepo walicheka, na kabla ya jua kutua mtaa mzima ulikuwa umelidaka jina.

Bustani ilikuwa mali ya wote. Zamani pale palikuwa jalala la kunuka, mpaka majirani walipojitolea kulisafisha. Kila nyumba ilipewa tuta lake. Kitalu, kile kitanda kidogo cha kuoteshea miche ya kugawia matuta yote, walikabidhiwa watoto, na Kisiki akawa msimamizi wao. Mwenyekiti wa bustani alikuwa kinyozi mwenye duka kando ya ua. Hakuchaguliwa kwa sababu anajua kilimo. Alichaguliwa kwa sababu nusu ya mtaa walishazoea kumsikiliza wakiwa wameinamisha vichwa.

Mbegu za kwanza ziliota vizuri, kisha miche ikaanza kulala mmoja baada ya mwingine, mashina yamesinyaa pale yanapogusa udongo. Wiki haikuisha, kitalu kikabaki kitupu. Kwenye kikao, watu wazima hawakuchelewa kutoa hukumu.

"Watoto hawamwagilii," alisema Mama Mapacha, jirani mwenye tuta la mchicha lililo karibu na bomba. "Wakifika hapa ni kucheza tu."

"Tunamwagilia!" Kisiki alidakia.

"Sasa mbona imekufa? Imejinyonga?"

Watu walicheka. Kisiki hakucheka. Uso ulimwaka kana kwamba amepigwa kofi.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Tumebakiwa na mbegu za kupanda mara moja tu. Zikiharibika na hizi, kitalu kinarudi kwa watu wazima, na ninyi watoto mtabaki kuokota majani makavu. Sawa?"

"Sawa," Kisiki alijibu, kwa sauti ya mtu ambaye kwake hakuna kilicho sawa hata kidogo.

Walipanda upya. Miche ikachomoza, myembamba na ya kijani kibichi, na Kisiki akaipenda kama mtu anavyopenda kitu alichoambiwa hatakiweza. Asubuhi moja alikuta udongo una unyevu wa kutosha, akaenda zake bila kumwagilia. Aliporudi kutoka shule, kitalu kilikuwa tope. Maji yalikuwa yamesimama kati ya mistari, na miche kadhaa imelala kifudifudi.

Aling'oa mmoja. Mzizi ulikuwa umegeuka kahawia, na ulinuka kama tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo. Basi! Miche haikufa kwa kiu. Ilikuwa inakufa kwa maji.

Kisiki aliufumbata mche ule mkononi na kwenda moja kwa moja kwenye duka la kinyozi. Mwenyekiti alikuwa anamnyoa mteja ndevu.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Miche yetu inazama."

"Marahaba. Mche unazama?" Mwenyekiti alisimamisha wembe. "Kwani ni mtumbwi?"

Mteja aliangua kicheko, na nusura akatwe kidevu.

"Maji yamezidi. Kuna mtu anamwagilia bila kuniambia."

"Mwanangu, kwa jua hili? Mmea haufi kwa kupewa maji. Nenda kamwagilie, usitafute visingizio."

"Simwagilii."

"Haya, haya. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua. Lakini mche hauna guu, Mwenyekiti. Una mzizi, na mzizi wenyewe umeoza. Huu hapa, tazama."

Mwenyekiti hakutazama. Alisema ataangalia akimaliza kazi, lakini nyuma ya mteja huyo walikuwepo wengine kwenye benchi, na jioni ilipofika alifunga duka akaenda kwake. Kisiki alikuwa amekaa ukingoni mwa kitalu muda wote huo akimsubiri. Alimwona akipita bila hata kugeuza shingo.

Hapo ndipo uamuzi ulipomwingia kichwani. Alikwenda nyumbani, akachukua bisibisi ndogo ya cherehani ya mama, akarudi bustanini. Alifungua skrubu ya bomba, akachomoa kishikio cha koki na kukitia mfukoni. Hakusikia aibu wala hofu. Alisikia raha, ile raha kali ya mtu aliyechoka kuchekwa. Nani atamwagilia sasa?

Kesho yake ilikuwa siku ya kazi za pamoja. Majirani walifika na majembe, wakakuta bomba halifunguki. Mwenyekiti alijaribu kwa vidole. Mwingine alileta koleo la kubania vyuma, likateleza kwenye chuma kilicholika. Jua lilipanda, na kwa kuwa maji ya jioni pia hayakuwepo, mchicha wa Mama Mapacha ukainamisha majani chini.

"Wezi!" Mama Mapacha alipiga kelele. "Ni yule muokota vyuma chakavu. Jana nilimwona anapita hapa na mkokoteni wake!"

"Ni yeye! Nani mwingine?" wengine waliitikia. "Twendeni kwake!"

Kisiki alimfahamu mzee yule. Alipita mtaani kila siku akigonga chuma chake, na hakuwahi kuchukua hata msumari bila kubisha hodi. Kishikio kilimlemea mfukoni. Angekaa kimya, hakuna ambaye angemshuku. Angekaa kimya, mzee angetukanwa mbele ya watu, pengine na kupigwa. Alimtazama mama yake aliyesimama na reki mkononi, kisha akapasua umati na kusimama mbele ya bomba.

"Msiende popote. Ni mimi." Alikitoa kishikio na kukiinua juu ili kila mtu akione.

"Bisibisi yangu!" mama alimaka. "Asubuhi nzima naitafuta!"

"Mtoto gani huyu!" alisema Mama Mapacha. "Angalia mchicha wangu! Angalia!"

"Kwa nini umefanya hivi?" Mwenyekiti aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

Kisiki hakushusha kidevu. "Kwa sababu nilikuja kukwambia, ukanicheka. Nilikuletea mzizi, hukuutazama. Mmetuita wavivu mbele ya mtaa mzima, nasi hatukuua miche. Nitarudisha kishikio sasa hivi, ila kwanza naomba jambo moja. Kila aliyemwagilia kitalu juzi au jana anyooshe mkono."

Mwanamume mmoja alikohoa. Kisha mkono wa Mama Mapacha ukapanda polepole, haujavuka hata sikio.

"Mimi nilikipa kidogo tu," alisema. "Nilisema, watoto wenyewe si wanasahau, maskini."

"Mimi vilevile," alisema jirani mwenye koleo. "Ndoo moja, nilipokuwa napita."

Mkono mwingine. Mwingine tena. Walitazamana, na kila mkono ulipopanda, nyuso zilizidi kufanya haya. Mwisho mama yake Kisiki aliinua reki badala ya mkono. "Na mimi," alikiri. "Nilitaka kukusaidia, mwanangu, usije ukanyang'anywa kitalu."

Kisiki alimkodolea macho. Hata mama!

Aliyebaki ni Mwenyekiti. Alijikuna kisogo, akatazama viatu vyake. "Kila asubuhi nikifungua duka," alisema, "huwa napitisha kopo moja."

Mtu mmoja alishindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikaenea mpaka kwa Mama Mapacha. Mwenyekiti alichuchumaa penye kitalu, akang'oa mche mmoja uliolala na kuunusa. Alikunja pua. Kisha akasimama.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alisema. "Tumekizamisha sisi wenyewe. Watoto, tuwieni radhi. Tuliwaita wavivu, kumbe tulikuwa tunaharibu kazi yenu kwa mikono yetu."

Kisiki alitabasamu, lakini Mwenyekiti alikuwa hajamaliza.

"Nawe usitabasamu bado. Ulikuwa na haki kuhusu kitalu. Je, mchicha wa jirani yako ulikukosea nini?"

Kisiki aliyatazama majani yaliyolegea. Swali hilo lilimuuma kuliko kicheko cha kikao. "Haukunikosea," alisema. "Nisamehe, Mama Mapacha."

Alifunga kishikio mahali pake, akachukua ndoo, na bila kuagizwa na mtu akamwagilia kila tuta lililokuwa limenyauka, akianza na lile la mchicha. Wale mapacha wadogo wa Mama Mapacha walimfuata nyuma wakitaka kusaidia. Aliwaambia wasubiri wakue. Mpaka anamaliza, mabega yalikuwa yanamwaka moto.

Siku hiyohiyo walikubaliana utaratibu. Walichomeka kijiti kando ya kila kitanda na kukivisha kopo tupu. Anayemwagilia analivua kopo na kuliweka chini, na mwingine akilikuta hivyo anapita zake na huruma yake. Jioni msimamizi anayarudisha. Udongo wa kitalu ulikauka taratibu. Miche iliyokuwa imesalia ilisimama, ikanenepa mashina, na siku ya kuhamisha ikawepo ya kutosha matuta yote, japo kila nyumba ilipata michache kuliko ilivyotarajia.

Kabla ya kuigawa, Mwenyekiti aliwaita watoto na watu wazima pamoja.

"Kujitolea ni jambo jema," alisema. "Lakini anayejitolea aulize kwanza, kinachohitajika ni nini? Msaada usioulizwa unaweza kuua, hata ukitoka kwenye moyo safi. Hilo ni letu sisi wakubwa. La kwako, Kisiki, ni hili: ukweli usemwe hadharani. Ukiutetea kwa siri, unawaumiza hata wasiohusika, na mwenye kosa anapata pa kujificha. Siku ile uliposimama mbele ya bomba ndipo ulipotushinda. Si jioni ile ulipochomoa kishikio. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwenyekiti."

"Kwa hiyo siku nyingine nikikataa kukusikiliza, utafanya nini?"

Watu wote walimgeukia. Mama yake alimkonyeza ajibu kwa adabu. Kisiki aliweka mikono kiunoni.

"Nitakuja kusema tena," alijibu. "Mbele ya wateja wako wote. Na sitatoka dukani mpaka uutazame mzizi."

Mwenyekiti alimkabidhi sinia la miche. "Anza kugawa," alisema. "Nasi tutafuata unavyotuelekeza."