Mawese Ndani ya Winchi

Daraja la magogo lilivunjika saa nne asubuhi, mbele kidogo ya Lusangi, na lori la Aganze lililobeba saruji ya kupeleka Salamabila likatumbukia mtoni kichwa chini. Usukani ulimbana Aganze mguu. Dereva mwenzake, Muzaliwa, aliogelea na mtarimbo mpaka mlangoni, akashindwa kumtoa, akarudi.

Ilionekana Aganze ana bahati, kwa sababu gari la kuvuta lilikuwa nyuma yake tangu Kasongo. Muzaliwa ndiye aliyeliendesha, na winchi ilikuwa ya fundi Ayoubu. Ayoubu alifunga ndoano kwenye chasisi, akavuta mkono wa winchi. Kamba ya chuma ikakaza. Lori likapanda shibiri moja, kisha pampu ya winchi ikalia kwa kukwaruza na kamba ikasimama.

"Maji iko wapi?" Muzaliwa alipaza sauti.

"Kwa tumbo," Aganze akajibu. "Inapanda, kaka. Musikawiye!"

Ayoubu alijua kilichoikwamisha. Siku nane kabla ya hapo paipu ilipasuka, mafuta ya hidroliki yanayoisukuma winchi yakamwagika yote, na mengine hayakupatikana mjini. Basi akachuja mawese kwa kitambaa, akajaza tangi. Kwenye jua la Kasongo winchi ilivuta vizuri, naye akajisifu moyoni. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na mawese yakipata baridi huganda. Hata anayejifunza kupika Maniema analijua hilo.

Hakusema. Muzaliwa alikuwa akimwita mwalimu, na mwalimu aliona haya. Akakagua kamba. Akalala matopeni kutazama shafti ya pampu. Akaagiza injini izungushwe zaidi, akafungua skrubu ya kutoa hewa, akaifunga. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Hapa maradhi yalikuwa ya mmoja na kifo cha mwingine.

"Sasa iko kwa kifua!" Aganze akapiga kelele.

Nusu saa ilikuwa imepita Ayoubu alipofungua chujio. Ndani mlijaa uji mwekundu, mzito.

"Ni nini hii, mwalimu?"

"Mawese. Ni mimi niliweka."

Muzaliwa hakugombana naye. Alikimbia kuleta mkaa wa kupikia uliokuwa garini. Wakauwasha kwenye karai chini ya turubai, wakalisukuma karai mpaka chini ya tangi kuyayeyusha mawese, wakaosha chujio kwa mazutu, dizeli ya injini. Moto uliwaunguza viganja, hawakuliachia karai. Maji yalifika shingoni mwa Aganze.

"Fundi, moto imewaka?"

"Imewaka!"

"Vizuri," Aganze akasema. Hawakumsikia tena.

Tangi lilipopata joto, winchi ilivuta bila kulalamika, ikalitoa lori lote mpaka ukingoni. Dakika kumi tu za moto zilitosha. Walimkuta Aganze ameinua kidevu, macho wazi. Ayoubu alilia kama mtoto, na Muzaliwa akamwacha alie.

Njia ya kurudi ilikuwa imegeuka ziwa la matope. Siku mbili walifunga kamba kwenye mti, wakajivuta kwa winchi, wakaifunga kwenye mwingine, na kila alfajiri wakapasha tangi moto kwanza. Walikunywa maji ya mvua waliyokinga kwa sufuria. Maiti ilikuwa nyuma ya gari, ndani ya turubai. Waliulizana mti upi utastahimili. Muzaliwa hakumwita Ayoubu mwalimu tena.

Mjini Kasongo, Falone, mke wa Aganze, alikuwa mlangoni na wanawake wa kanisa. Aliviona viganja vya Ayoubu vilivyobabuka, akavishika kwa mikono yake miwili.

"Mulimupigania. Mungu awabariki."

Muzaliwa alitazama chini. Ayoubu angenyamaza, na hakuna mwingine ambaye angejua.

"Ngoja kwanza, mama," Ayoubu akasema. "Tangu mwanzo nilijua kenye kilikuwa kinazuia winchi. Ni mimi niliharibisha. Nikaona haya kusema. Nusu saa."

"Nusu saa?"

"Nusu saa, mama."

Falone akalitazama turubai garini.

"Na yeye alikuwa anaongea bado?"

"Alikuwa anaongea."

Falone akaviachia viganja vyake.