Shamba la Zéphyrin Kwenye Theluji

Jumapili ya tatu ya Januari, saa nane mchana, simu ya Fortunée iliita juu ya kaunta ya jikoni huko Haltom City, kando ya Fort Worth, Texas. Alikuwa ametoka kanisani, hajavua hata kitambaa cha kichwa. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa motoni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa sababu jua lilikuwa zuri, na binti yake Kethia alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na vitabu vya shule. Aliyepiga alikuwa mumewe, Zéphyrin, kwa video, kutoka Minnesota.

Amani ya nyumba hiyo, ndugu zangu, ilidumu kwa muda wa salamu tu. Lakini simu ile haitaeleweka kama sijasema kwanza jinsi Zéphyrin alivyofika Minnesota.

Zéphyrin na mkewe ni watu wa milima ya Kivu Kusini. Waliishi kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Mume aliendesha forklift, gari la kunyanyua mizigo, ghalani. Mke anahudumia wazee majumbani mwao. Mama mzazi wa Zéphyrin, Mama Orpa, aliishi nao. Kutwa alikaa dirishani akitazama maegesho ya magari, na mara nyingi alisema kwamba angependa kuona tena ng'ombe wakirudi zizini jioni.

Mwezi wa Juni Zéphyrin aliona kwenye mtandao picha za shamba la zamani kaskazini mwa Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada. Kulikuwa na nyumba ya mbao juu ya kilima, zizi jekundu, kisima, na majani mabichi yanayofika magotini. Bei ilikuwa ndogo kuliko ya nyumba yoyote aliyowahi kuiona Fort Worth. Hakuuliza kwa nini. Alilinunua kwa akiba ya familia, na mtu pekee aliyemwambia ni mdogo wake, Heritier, anayeishi Alief, Houston. Mwezi wa Agosti walikwenda wawili kuliona, wakakuta joto na vipepeo. Njiani kurudi alimwapisha mdogo wake asimwambie mtu yeyote mahali lilipo.

"Maneno ya udongo si ya wanawake," alimwambia. "Wakijua mbele, wataleta maneno mingi."

Fortunée alipata habari mwezi wa Oktoba, kwenye maegesho ya kanisa, pamoja na watu wengine wote.

"Ninyi mubaki mukilipa loyer kwa wenye nyumba," Zéphyrin alitangaza. "Miye niko na mlima yangu."

"Na ng'ombe zako, wakati wa neige, theluji ikianguka, zitavaa koti?" mzee mmoja wa kwaya alimtania.

"Zitavaa hata kofia! Papa, miye ni mtu wa milima. Baridi nilizaliwa nayo."

Watu walicheka. Fortunée hakucheka. Ndani ya gari alimuuliza mahali hasa lilipo, "Minnesota, ni fasi gani?"

"Utaiona kiangazi."

"Zéphyrin, nakuuliza fasi."

"Mama Kethia, mwanaume akikupeleka kwake, utamuuliza barabara?"

Mpango wake ulikuwa atangulie na mama yake. Mke na binti wangemfuata shule zikifungwa. Siku ya safari Fortunée alimvuta mama mkwe pembeni, akamwomba abaki. Mama Orpa alimshika mkono.

"Mwana wangu ameninunulia udongo mbele ya watu," alisema. "Nikikataa, nimemuharibia jina. Nitakataa aje?"

Basi akapanda gari, amevaa koti la kuazima.

Theluji ya kwanza ilianguka kabla ya Novemba kwisha. Sasa sikilizeni mambo ambayo picha za Juni hazikuonyesha. Serikali ya kaunti huko husafisha barabara ya umma tu. Njia ya kutoka barabarani hadi nyumbani ni kazi ya mwenye nyumba, na njia ya Zéphyrin ilikuwa ndefu kuliko uwanja wa mpira. Hakuwa na mashine ya kusukuma theluji. Betri ya gari lake ilikufa kwa baridi. Nyumba ilipashwa joto kwa gesi inayoletwa na lori, na lori halipandi njia iliyozibwa. Bomba la kisima liliganda, wakawa wanayeyusha theluji ili wapate maji ya kunywa. Hita ndogo ya umeme ilikata umeme wa nyumba nzima kila ilipowashwa. Zéphyrin alifunika madirisha kwa plastiki, akapigilia misumari pande zote.

Simu yake ilikuwa na chaji na mtandao ulikuwepo. Hakumpigia mtu yeyote kuomba msaada. Badala yake aliweka picha za mlima mweupe kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, akaandika: "Tuko salama, Mungu ni mwema." Watu waliandika "Amina."

Mama Orpa peke yake ndiye aliyesema ukweli, na aliusema kwa njia yake. Baada ya Noeli, mwanawe akiwa nje anakata kuni mbichi zisizowaka, alimwambia Fortunée kwenye simu, "Binti yangu, niko kama kuku ndani ya tenga. Theluji inafunga mlango. Tangu nifike hapa, hakuna mtu amenipigia hodi."

"Mama, tutakutosha huko, tutakurudisha Texas. Nitasema naye."

"Usimwambie nimelalamika," mama alijibu.

Fortunée alisema na mumewe. Mumewe akamwambia asubiri kiangazi.

Turudi sasa kwenye simu ya Jumapili. Zéphyrin alikuwa ameketi sakafuni, amejifunika blanketi, macho yamelegea.

"Mama iko wapi?" Fortunée alimuuliza.

"Iko analala. Kichwa inamuluma. Hata miye, kichwa tu. Asubuhi alitapika, ni ile samaki ya boîte, ya mkebe."

"Nyote wawili kichwa?"

"Sisi wote wawili, ndiyo. Mbona unaniuliza kama polisi?"

Fortunée alisogeza uso karibu na kioo. Nyuma ya bega la mumewe aliona kitu chekundu kinachong'aa kwenye kona ya giza. "Ile nyekundu nyuma yako ni nini?"

"Mbabula. Gaz ilikwisha juzi, nikatoboa ndoo ya chuma, nikatia makala, mkaa ya kuchomea nyama. Nyumba iko moto kabisa, weye!"

"Mbabula ndani? Na madirisha umefunga?"

"Kule milimani tulikuwa tunalalaka na nini? Tumekua na mbabula, hatukukufa."

"Fungua mlango, Zéphyrin. Sasa hivi. Amsha mama."

"Nitafungua," alisema, lakini hakusimama.

"Basi nipe adresse. Nakuomba."

Alitabasamu kama mtu mwenye usingizi. "Unataka kunitumia polisi? Utakuja kiangazi..." Simu ikamponyoka mkononi. Kwenye kioo ikabaki dari ya mbao tu.

Fortunée aliita jina lake. Aliita tena kwa kelele, na Kethia akaja mbio. "Mom, what's wrong?"

"Piga 911 na simu yako. Sema baba na koko, mama yake, wanakufa na moshi."

Kethia alipiga. Mpokeaji aliuliza walipo. Kethia alisema Minnesota. Mpokeaji akauliza ni kaunti gani, mji gani, barabara gani, ili aweze kumuunganisha na watu wa huko. Kethia alimtazama mama yake. Mama yake alitikisa kichwa. Mke wa miaka kumi na tisa ya ndoa, amesimama jikoni kwake na mumewe yuko kwenye kioo mbele yake, na hajui alipo.

Hakuthubutu kuikata ile video. Alichukua simu ya Kethia, akampigia Heritier, ambaye wakati huo alikuwa nje ya duka moja la Waafrika huko Alief akipakia unga wa muhogo kwenye gari.

"Heritier, nyumba ya ndugu yako iko fasi gani?"

"Shemeji..." Heritier alisita. "Ile maneno, mukubwa yangu alinikataza. Nilimuapia. Muulize yeye mwenyewe."

"Yeye ameanguka! Ameweka mbabula ndani ya nyumba, na mama haamuki!"

Heritier aliweka chini gunia la unga. Februari ya 2021, umeme ulipokatika Texas kwa baridi, yeye alikuwa mmoja wa waliobeba jirani zake kuwatoa kwenye nyumba walimowasha mkaa. Alikuwa ameiona rangi ya nyuso zao.

"Andika," alisema. Akataja kaunti, mji wa karibu, namba ya barabara, nyumba ya mwisho kushoto baada ya daraja la chuma.

Kethia alipiga tena 911 na kusoma yote kwa Kiingereza. Wazima moto wa kujitolea walitoka mjini. Kwenye mdomo wa ile njia gari lao lilikwama, wakateremka, wakapanda kwa miguu, theluji ikiwafika mapajani. Fortunée hakuyaona hayo. Aliona dari. Sombe iliungua kwenye sufuria nyuma yake na hakuna aliyeizima mpaka moshi ulipojaa jikoni.

Kisha mwanga wa tochi ukapita kwenye dari ile. Kukawa na kishindo cha kioo cha dirisha kinachovunjwa. Mkono wenye glavu nene ukaiokota simu, na uso wa mwanamume mwenye barakoa ukatokea.

"How many people in the house?" aliuliza.

"Two," Fortunée alisema. "My husband. And the mother, she is in the bed."

Zéphyrin alitolewa akiwa anapumua. Alikaa hospitalini wiki mbili. Hadi leo mikono yake inatetemeka na husahau majina. Mama Orpa alitolewa akiwa amekwisha kufa. Daktari hakuweza kusema alikufa kabla ya simu ile kupigwa, au wakati mke na binti walipokuwa wakitafuta mahali pa kuwatuma waokoaji. Mimi nami sitalisema lisilojulikana.

FUNZO

Mkaa unaowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Nyumba zetu za milimani zilipitisha hewa kwenye nyasi za paa na nyufa za ukuta. Ndiyo sababu tuliamka asubuhi. Si kwa sababu tulikuwa hodari. Nyumba iliyozibwa kwa plastiki na misumari haipitishi kitu. Mbabula, jiko la mkaa, jenereta, vyote vikae nje, Minnesota au Houston, hata mkitetemeka. King'ora cha gesi hiyo kinauzwa dukani na hutundikwa ukutani kwa dakika chache. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, watoke nje kwanza, maelezo yafuate.

Anayetaka shamba la kaskazini asilinunue kwa picha ya kiangazi. Aende Januari, au amuulize mtu aliyelala huko Januari: nani anasafisha njia, joto linatoka wapi, maji yanazuiwaje yasigande.

Lakini theluji na mkaa peke yake havikuifunga familia hii. Zéphyrin alimficha mkewe mahali alipo, akidhani analinda heshima yake, na hivyo akamfungia nje mtu wa kwanza ambaye angemtafuta. Mama yake hakuweza kulalamika kwa sababu zawadi ilitolewa mbele ya watu. Mdogo wake alifungwa kwa kiapo. Wanaume, mkinunua nyumba, mke ajue barabara na namba yake kabla ya kusaini. Na mzazi asipelekwe mahali ambapo hakuna wa kumpigia hodi, hata kama udongo wake ni mzuri.

Tukio la mwisho nililolithibitisha ni hili. Mama Orpa alisafirishwa hadi Texas, akazikwa Fort Worth Jumamosi ya kwanza ya Februari. Siku hiyo kulikuwa na joto, na wanaume walivua makoti kabla ya kushika sepetu.